Ziada

Jedwali limeandika: mita tatu nukta saba,
saa kumi na nusu alfajiri.
Hiyo ni haki ya mwezi.
Mwezi wa kumi na tano hukopa na kulipa,
bamvua lake twalijua.
Kazi yangu ni kinachozidi.

Bahari niliyoiona, toa bahari iliyoahidiwa:
kinachobaki ndicho kimbunga.
Kingali mbali, kusini mashariki,
na kwenye picha ya setilaiti kina jicho jeupe
kama la changu aliyepikwa.
Wamekipa jina la mwanamke. Sitaliandika hapa.

Saa sita usiku, ziada sentimita nne.
Barometa yashuka kama mtu ateremkaye ngazi gizani,
akipapasa kwa kidole gumba.
Hewa ikipunguza uzito wake
bahari hunyoosha mgongo.
Mvua haijanyesha. Ng'ambo, taa za Mtongwe zimetulia.

Saa saba na robo, kumi na moja.
Nyale amimina chai kwenye kifuniko cha chupa.
"Kumi na moja ndiyo kiasi gani?"
Penseli iliyochongwa sana, namwambia.
Acheka. Nami nacheka.

Saa nane rada ya gati yanyamaza.
Skrini yachora mstari ulionyooka,
bahari isiyopumua. Hakuna bahari ya namna hiyo.
Navaa koti la Nyale linalonuka dizeli,
nashuka na tochi hadi kwenye ubao wa vipimo,
ule wa njano na nyeusi. Chaza wamezila tarakimu;
kati ya tatu na nne nakisia.
Wimbi lapanda, lashuka. Nasoma mara kumi, natoa wastani.
Mkono watetemeka; tarakimu isitetemeke.

Simu. Khalati Ruweida, kutoka Mlango wa Papa:
"Ngazi ya nne yangu ya nyuma imeingia maji, mwanangu."
Toka, Khalati. Nimekwambia tangu adhuhuri.
"Nitatoka ya sita ikimezwa. Mashine yako yasemaje?"
Mashine yangu imekufa.
"Basi andika yangu."

Nikaandika, pembezoni:
saa nane na dakika ishirini, ngazi ya nne, shahidi R.
Upande ule wa kisiwa, maji yale yale.
Akapiga tena. Ya tano.
Akapiga tena. Ya tano na nusu,
na kiatu cha mtu kimepita, cha mguu mmoja,
na gunia la viazi ameliweka juu ya meza.

Saa tisa mvua ilikuja kwa ubavu.
Wakubwa wakauliza: tuwahamishe watu?
Walitaka namba. Namba ilikuwa thelathini na nane.
Thelathini na nane haiangushi mnazi.
Lakini juu ya bamvua yatosha kuingia jikoni
bila kupiga hodi.
Nikasema, wahamisheni,
kwa sauti ile ile niliyoombea sukari.

Saa kumi kasorobo, kabla mwezi hajadai chake,
ziada ilisimama. Arobaini na mbili.
Arobaini na mbili.
Arobaini.
Thelathini na tatu.
Kimbunga kilikuwa kimegeuza shingo kusini,
kwa pwani nyingine, kwa mpimaji mwingine
mwenye ubao wake na tochi yake.
Nyale alipiga makofi. Mimi sikuweza.

Kulipokucha Khalati alikuwa kwa jirani, ghorofani,
leso imelowa hadi magotini,
akiulilia unga wake kuliko nyumba.
Ngazi ya sita ilikuwa na mstari wa mwani,
umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Jumatatu nitakwenda na darubini ya kupimia usawa,
nizilinganishe ngazi zake na ubao wangu, jiwe kwa jiwe,
zipate mita zao, ziingie daftarini kwa wino.
Ya saba haikulowa.
Hilo pia nimeliandika.